Chakula hakiungui tumboni

Mwanangu, umeuliza kama mahamri na mbaazi za asubuhi huungua tumboni ndipo tupate nguvu. La. Tumbo na utumbo huvunjavunja tu. Wanga hugeuka glukosi, yaani sukari sahili, ikaingia damuni. Nguvu hutolewa ndani ya seli zenyewe. Kwanza glukosi moja hukatwa vipande viwili nje ya mitokondria, vile viwanda vidogo vya nguvu ndani ya seli, na faida yake ni ATP 2 tu, yaani molekuli mbili zibebazo nguvu ya kutumiwa na seli. Kisha mitokondria, kwa msaada wa oksijeni, humalizia kazi polepole, hatua kwa hatua (hapa ndipo penye uzuri wote!), jumla ikafika ATP 30 hivi. Kabonidioksidi unayoitoa puani imetoka huko. Mchukuzi abebaye mawe kutoka gatini hapa Lamu, misuli yake ikipungukiwa oksijeni, hutegemea zaidi zile ATP 2 za mwanzo zisizohitaji oksijeni, ndiyo maana hutweta hata akishatua mzigo.