Miezi 12 ikitimia, niende kwenye cheti cha chifu ofisa?

SWALI: Shikamoo Kapteni. Mimi ni ofisa wa tatu kwenye meli ya makontena, na miezi yangu 12 ya kushika zamu inakaribia kutimia. Wenzangu wanasema nikiimaliza niende chuoni moja kwa moja kutafuta cheti cha chifu ofisa, yaani msaidizi mkuu wa nahodha. Je, sharti ni hilo tu? Na kutoka hapo hadi unahodha ni muda gani? Chifu wetu hanishirikishi mambo ya shehena. Kazi yangu ni zamu na vifaa vya uokoaji.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa upande wa hesabu, wenzako wako sawa. Mkataba wa STCW, ule wa kimataifa wa mafunzo, vyeti na zamu za mabaharia, wa mwaka 1978, uliofanyiwa marekebisho makubwa Manila mwaka 2010, unataka ofisa mwenye cheti cha zamu awe ametumikia baharini si chini ya miezi 12 ndipo apewe cheti cha chifu ofisa kwa meli zenye ujazo wa tani 3,000 na kuendelea. Unahodha ni miezi 36, nayo inaweza kushuka hadi 24 ikiwa angalau 12 kati yake umeitumikia kama chifu ofisa. Masomo ya chuo na mitihani viko palepale. Mamlaka inayotoa cheti chako ina haki ya kudai zaidi ya hapo, kwa hiyo soma masharti yake mwenyewe, usitegemee maneno ya mesini.

Kinachonishughulisha mimi ni hayo uliyoyasema mwishoni. Ofisa wa zamu huulizwa meli iko wapi na itapitaje bila kugongana na nyingine. Chifu ofisa huulizwa kama meli yenyewe itabaki wima na mzigo wake wote. Nimeona vijana hodari kabisa wa brijini wakifika kwenye ofisi ya shehena na kukwama, kwa kuwa miezi yao yote waliimaliza wakitazama rada na ramani.

Anza sasa, kabla hujaenda chuoni. Kila meli inapojiandaa kuondoka gatini, chifu hutoa hesabu ya uthabiti, yaani uwezo wa meli kubaki wima, kwenye kompyuta ya upakiaji. Mwombe nakala. Chukua kitabu cha uthabiti cha meli yenu na kikokotoo, uifanye upya kwa mkono: uzito wa meli tupu, kila shehena na kimo chake, farumi (maji ya kusawazishia meli), mafuta, maji matamu, mpaka uipate GM, kile kipimo kinachokuonyesha meli ina nguvu gani ya kurudi wima ikianza kulala upande. Kisha linganisha na ya kompyuta.

Nilipokuwa chifu, ofisa wangu wa tatu aliniletea karatasi yenye GM kubwa kuliko ya kompyuta. Nilipitia mstari kwa mstari, uzito wote ulikuwa sahihi. Nikamwuliza swali moja tu: matangi gani yako nusu? Alinyamaza kidogo, akaichukua karatasi, akaketi palepale kwenye kona ya meza na kuanza kufuta. Tangi lililojaa pomoni maji yake hayana pa kwenda. Lililo nusu, meli ikilala maji hukimbilia upande uleule na kuipunguzia nguvu ya kurudi. Na adui hapo ni upana: athari hiyo hukua kwa kipeo cha tatu cha upana wa tangi. Likitiwa ukuta katikati, wa kutoka omo (mbele) kwenda tezi (nyuma), inabaki robo tu. Ndiyo maana chifu anayejua kazi hakubali matangi mengi ya farumi yawe nusu kwa wakati mmoja.

Jambo la pili ni ruhusa za kuingia sehemu zilizofungwa, kama matangi na chumba cha mnyororo wa nanga. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21, lakini kutu peke yake hula oksijeni ndani ya chumba kilichofungwa, na mtu huanguka bila kusikia harufu yoyote. Mwenzake hukimbilia kumwokoa, naye huanguka juu yake. Ukiwa chifu, utakuwa katika mlolongo wa watu wanaoamua kama baharia aingie au asiingie. Jifunze kupima hewa sasa, ukiwa bado una wa kumwuliza.

Kuhusu chifu wako: usimwendee na ombi la kufundishwa wakati wa kupakia. Mwendee na kazi ya kumpunguzia. Jitolee kusoma alama za kina omo, katikati na tezi, kupima matangi, kukagua kamba za chuma zinazofunga makontena. Lakini usiibe usingizi wako; saa 10 za mapumziko katika kila saa 24, na 77 kwa siku saba, ni sheria, na usikubali kuziandika kwa uongo.

Ningekuwa wewe, ningefanya kwanza mkataba mmoja wa kazi kama ofisa wa pili, nipange safari mwenyewe kutoka gati hadi gati, ndipo niende chuoni. Na usishuke melini bila barua ya nahodha yenye tarehe za kupanda na kushuka, ujazo wa meli na kazi uliyoshika.

SWALI: Kapteni, mimi ni ofisa wa injini. Naweza kupanda hadi nahodha?

JIBU: Kwa utaratibu wa kawaida, ngazi yako inaishia kwa chifu injinia. Kwa mashine za kilowati 3,000 na zaidi, ni miezi 12 ya utumishi kwa cheti cha injinia wa pili na 36 kwa chifu, nayo inaweza kushuka hadi 24 ikiwa angalau 12 kati yake umeitumikia kama injinia wa pili. Ukiutaka unahodha, utaanza tena kama kadeti wa sitaha.