Mjamzito akiguna, thawabu zinapotea?

SWALI: Assalaamu alaykum, shehe wangu. Nipo Mikindani, nina watoto wawili na mimba hii ya tatu imeingia wiki ya 37. Nimechoka, shehe. Nikilala chali pumzi inakata, nikilala ubavu nyonga inauma, na kila nikipitiwa na usingizi mkojo unaniamsha. Kiungulia kinapanda mpaka kooni, miguu imejaa hata ndara hazinienei. Nikisujudu mkojo unanitoka. Juzi nilisema mbele ya mama mkwe, "Bora nife nipumzike," akaniambia nimekufuru, na kwamba mjamzito anayeguna thawabu zake zinamwagika. Tena nesi wa kliniki ameniambia nilale ubavu wa kushoto, na mume wangu, ambaye yuko Tandahimba kwenye korosho, ananiambia kwa simu kuwa sunna ni wa kulia. Nimsikilize nani? Na swala yangu niiswali vipi?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam wa rahmatullahi wa barakatuh, binti yangu.

Nianze na neno la mkwe wako, maana naona limekunyima usingizi kuliko hicho kiungulia. Hujakufuru. Kufuru ni neno zito, halirushwi kwa mtu aliyekesha na maumivu.

Fungua Sura Maryam, aya ya 23. Uchungu ulimpeleka Bibi Maryam kwenye shina la mtende, akasema: laiti ningelikufa kabla ya haya, nikawa kitu kilichosahaulika kabisa. Aliyesema hivyo ni mwanamke ambaye Qur'ani yenyewe imemwita mkweli mno. Wafasiri wameeleza kuwa kilichomwelemea zaidi ni hofu ya watu watakavyomsingizia, nami sipingi, lakini aya imeutaja uchungu kwanza. Sasa soma kilichofuata, aya ya 24 hadi ya 26. Humo hakukaripiwa. Aliambiwa asihuzunike, Mola wake ameweka kijito chini yake. Atikise shina la mtende, tende mbivu zimwangukie. Ale, anywe, na jicho lake litulie. Yaani maji, chakula, na shina la kuegemea. Nikifika hapo huwa najiuliza: kwetu huku, mjamzito akilia usiku, wangapi wanaamka kumletea maji, na wangapi wanamletea mawaidha?

Hata hivyo sitakuficha: Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza mtu kutamani kifo kwa sababu ya dhara iliyompata. Katika hadithi ya Anas, iliyomo kwa Bukhari na Muslim, amesema kama hapana budi basi mtu aseme: "Ewe Mola, nihuishe maadamu uhai ni kheri kwangu, na nifishe ikiwa kifo ni kheri kwangu." Basi ulimi ukikuponyoka tena, badilisha neno lako kwa hilo. Lililopita limepita, omba maghufira na usilitafune tena.

Ama kuguna, mkwe wako hakulitoa hewani. Wapo waliolichukia, kama Tawus katika tabiina, yaani kizazi kilichofuata Maswahaba. Lakini Imam Nawawi, ambaye sisi Mashafii wa pwani hii tunamtegemea sana, alilidhoofisha hilo kwa kuwa hakuna katazo lililothibiti. Na Bukhari amepokea kwamba Bibi Aisha alisema mbele ya Mtume, "Ee kichwa changu!" Mtume hakumnyamazisha, na yeye akasema, "Bali mimi, ee kichwa changu." Kinachokatazwa ni kumlalamikia Mwenyezi Mungu kwa viumbe vyake, kwamba amekuonea. Kusema "mgongo unaniuma" ni kutoa habari tu. Nabii Ayubu alisema, "Mimi imenigusa dhara," na Mwenyezi Mungu akamsifu kwa subira yake.

Yapo pia maandishi yanayozunguka kwenye simu za akina mama, kwamba mjamzito ana ujira wa mwenye kufunga na kuswali usiku, na kwa kila fundo la maziwa kadha wa kadha. Usiyategemee, wataalamu wa hadithi wamesema yamebuniwa. Wala huyahitaji. Kwenye Sura Luqman, aya ya 14, Mwenyezi Mungu amesema mama humbeba mtoto kwa udhaifu juu ya udhaifu, na kwenye Sura Ahqaf, aya ya 15, kwamba humbeba kwa taabu na humzaa kwa taabu. Mola ameshasema ni taabu, sasa wewe ujifanye ni raha kwa ajili ya nani? Na iliyo sahihi kabisa ni ile hadithi kwamba haimpati Muislamu tabu, wala maradhi, wala huzuni, hata mwiba unaomchoma, isipokuwa Mwenyezi Mungu humfutia kwayo makosa yake. Kama mwiba unahesabiwa, hesabu mwenyewe nyonga na kiungulia.

Ubavu. Mume wako amesema kweli, hadithi ya Baraa bin Azib inasema ukiendea malazi utawadhe, kisha ulale ubavu wa kulia. Hiyo ni sunna ya kuanzia kulala, si amri ya kukaa hivyo mpaka alfajiri, na hata mzima asiyefanya hivyo hana dhambi. Nesi naye hakukosea. Ninavyoelewa kwa wauguzi, jambo kubwa katika miezi hii ya mwisho ni usilale chali, kwa sababu uzito wa tumbo hukandamiza mshipa mkubwa wa damu. Anza kulia, soma dua yako, kisha geukia kushoto, mto katikati ya magoti na mwingine chini ya tumbo. Ukiamka umejikuta chali, usiogope, geuka tu. Na kwa kiungulia, kula kidogo kidogo, usiende kulala na tumbo lililojaa ugali.

Kabla hujageuka, soma Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33, Allahu Akbar mara 34. Unajua ilikotoka? Bibi Fatima alikwenda kwa baba yake kulalamika mikono ilivyochubuka kwa jiwe la kusagia. Hakumkuta. Usiku Mtume akaja, akakaa kati yake na mumewe, akawafundisha dhikri hiyo. Malalamiko ya binti yakamtoa baba nyumbani usiku. Na mahali panapouma, weka mkono, sema Bismillah mara 3, kisha mara 7: "Audhu billahi wa qudratihi min sharri ma ajidu wa uhadhiru." Hiyo imo kwa Muslim.

Swala sasa. Imran bin Huswain alikuwa na bawasiri, akamuuliza Mtume, akajibiwa: swali kwa kusimama, usipoweza kwa kukaa, usipoweza kwa ubavu. "Usipoweza" hapa haina maana ya kuanguka kwanza. Ikiwa kusimama kunakupa mashaka makali yanayoondoa utulivu wako, umeruhusiwa. Simama kiasi unachoweza, hata kama ni Allahu Akbar na Fatiha ya rakaa ya kwanza tu, kisha vuta kiti chako cha plastiki ukae. Rukuu iinamie, sujudu iinamie zaidi ya rukuu. Usichukue mto ukauinulia usoni, hauhitajiki. Wala usihesabu kuwa umepata nusu ya ujira. Hiyo nusu ni ya anayeweza kusimama kwenye sunna akapenda kukaa. Mwenye udhuru huandikiwa yale aliyokuwa akiyafanya akiwa mzima.

Kwa mkojo, mafakihi wa madhehebu yetu wametaja mtu ambaye akisimama mkojo humtoka na akikaa huzuilika, wakasema aswali kwa kukaa. Nami nakufananisha naye: kama ukiinama kitini hautoki, basi kiti kimekutatulia mambo mawili. Ukiwa unatoka hata hivyo muda wote, jisafishe, weka pedi, tawadha baada ya wakati kuingia, uswali bila kuchelewa. Fardhi inayofuata utatawadha upya. Na siku ikikuzidi kabisa, kukusanya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha, kwa ajili ya maradhi si kauli mashuhuri ya Mashafii, ila Nawawi mwenyewe ameipa nguvu kwa dalili. Siku hiyo ichukue, usiifanye mazoea.

Hujaniuliza hili lakini litakufika: chupa ikipasuka, au ukiona damu wakati uchungu umeanza na mtoto bado, hiyo kwetu si nifasi. Nifasi ni baada ya mtoto kutoka. Swala bado iko juu yako kwa kadiri unavyoweza, hata kwa ishara ukiwa kitandani, na ikikupita kwa uchungu utailipa. Lakini kwanza hospitali. Usiniletee swali la damu kabla hujaonwa na mkunga.

Nasisitiza hapo, kwa sababu watu wanaichanganya subira na uzembe. Miguu kujaa jioni baada ya joto letu hili la Novemba ni jambo la kawaida, iinue juu ya mto. Uso na mikono kuvimba, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, mtoto kupunguza kucheza, damu au maji kutoka: hayo si ya kusubiri kuche. Waamshe watu, uende hospitali ya Ligula usiku huohuo. Kombe, yale maji ya aya za Qur'ani, sikukatazi, lakini kombe haipimi presha. Na zile dawa za mizizi za kuharakisha uchungu, hata akikupa mtu unayemheshimu sana, mwambie shehe amenikataza. Tumbo la uzazi linaweza kupasuka kwa dawa hizo, na Mtume amesema hakuna kudhuru wala kudhuriana.

Mwisho, mtumie mumeo kwa simu asome mstari huu. Bwana, Bibi Aisha aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, akasema alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani kwake. Mimba ya wiki ya 37 haingoji mnada wa korosho. Weka kibarua shambani, rudi Mikindani, ukubaliane na bodaboda au mwenye gari atakayeamka usiku, utenge nauli, na maji uteke wewe.

Kwa mama mkwe nitakwenda mwenyewe inshallah baada ya swala ya Ijumaa, kwa maneno laini. Naye aliwahi kubeba mimba. Nitamuuliza nani alimletea maji.

Wallahu aalam.