Maswali ya Wasomaji: Marejeo ya Historia ya Marekani

Nina insha ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Mtandaoni naletewa kurasa nyingi hadi nachanganyikiwa. Nianzie wapi? (Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza)

Weka kando injini ya kutafuta, ushike kwanza ensaiklopidia ya somo lenyewe. Dictionary of American History, toleo la tatu la mwaka 2003, ina juzuu 10, na maingizo yake mengi huishia na orodha fupi ya vitabu vya kuendelea navyo. Soma ingizo la vita hivyo huku ukiandika majina ya watu, tarehe na mahali. Hayo ndiyo utakayotafutia baadaye. Anayeandika "Civil War" peke yake huletewa pia vita vya Uingereza vya karne ya 17.

Maktaba zinazotumia mfumo wa Dewey huweka vita hivyo kwenye 973.7, na zinazofuata mfumo wa Library of Congress huviweka kati ya E456 na E655. Kwenye katalogi usiandike swali. Andika kichwa cha mada kama wakutubi walivyokisajili, "United States—History—Civil War, 1861-1865", kisha uongeze "Encyclopedias" ukitaka ensaiklopidia, "Bibliography" ukitaka orodha za vitabu, au "Sources" ukitaka barua, amri na ripoti zilizoandikwa wakati uleule. Nyongeza hiyo ya tatu wengi hawaijui, nasi tungeitanguliza mbele ya zote.

Kwa nyaraka za jeshi, uti wa mgongo ni The War of the Rebellion, iliyochapishwa na serikali kati ya 1880 na 1901 katika vitabu 128. Skani zake zinasomwa bure kwenye maktaba za mtandaoni za HathiTrust na Internet Archive. Usiivamie ovyo. Faharasa kuu hukupa mfululizo na juzuu, haikupi ukurasa. Ukurasa utaupata kwenye faharasa ya juzuu husika. Na ukisoma ripoti ya kamanda wa Kaskazini, tafuta ya mpinzani wake wa Kusini kuhusu pigano hilohilo kabla hujaandika idadi ya waliokufa. Kila mmoja alikuwa na wakubwa wa kuwaridhisha.

Nafuatilia familia moja ya Wamarekani Weusi wa Virginia. Kwenye sensa ya 1870 ninao wote, ila kwenye ya 1860 siwaoni kabisa. Walihamia wapi? (Msomaji anayeandika kitabu)

Huenda hawakuhama. Sensa ya 1850 ndiyo ya kwanza kuandika jina la kila mtu huru katika nyumba; kabla ya hapo liliandikwa jina la mkuu wa kaya tu. Watumwa waliwekwa kwenye majedwali ya peke yao mwaka 1850 na 1860, chini ya jina la mmiliki, na kwa kawaida bila majina yao: mwanamke, miaka 34, mweusi, mvulana, miaka 9, chotara. Kwa hiyo unayepaswa kumtafuta sasa ni mmiliki.

Nakili kutoka sensa ya 1870 majina, umri, kaunti, pamoja na majirani wa kurasa za mbele na nyuma. Kisha ingia kwenye nyaraka za Freedmen's Bureau, ofisi ya serikali iliyohudumia walioachwa huru kati ya 1865 na 1872. Zimo mikataba ya kazi, mgao wa chakula na usajili wa ndoa, na katika National Archives, hifadhi ya nyaraka ya taifa, zote ziko Kundi la Rekodi 105 (Record Group 105). Usiache rejista za Freedman's Savings Bank, iliyofunguliwa 1865 na kufungwa 1874, iliyokuwa na matawi Richmond na Norfolk. Mteja aliulizwa alikozaliwa, wazazi na ndugu zake, na mara nyingine jina la aliyekuwa bwana wake. Ukishalipata jina la mmiliki, toa miaka 10 kwenye umri wa 1870, ulinganishe na jedwali la 1860, kisha uombe faili la mirathi yake kwenye mahakama ya kaunti. Orodha za mali za marehemu zilitaja watumwa kwa majina, kila jina na bei yake.

Wengi hukwama kwa kudhani kwamba familia ilichukua jina la ukoo la bwana wa mwisho. Baadhi walichukua la bwana wa zamani zaidi, wengine walijichagulia. Umri nao ulikadiriwa, hivyo ruhusu tofauti ya miaka kadhaa. Tena angalia mipaka: West Virginia ilijitenga na kuwa jimbo mwaka 1863, na rekodi za kaunti iliyogawanywa zinaweza kubaki kwenye kaunti mama. Ramani za Atlas of Historical County Boundaries za Newberry Library, Chicago, zitakuonyesha kaunti yako ilikuwa wapi mwaka gani.

Ukija mbele, jiandae kuruka kutoka 1880 hadi 1900. Karibu sensa yote ya 1890 ilipotea baada ya moto wa Washington wa Januari 1921. Na majina hufunguliwa baada ya miaka 72, kwa hiyo ya 1950 ilifunguliwa 2022, na ya 1960 ni hadi 2032.

Natafuta habari kwenye magazeti ya zamani, mtambo unasema hakuna, ilhali najua imo. (Mwalimu wa sekondari)

Kwenye Chronicling America ya Library of Congress, ambayo ni bure, unachopekua ni maandishi ambayo kompyuta imeyasoma kutoka kwenye picha ya gazeti. Nayo husoma vibaya. Katika magazeti ya karne ya 18, herufi s ya mwanzo na katikati ya neno ilichapwa ndefu, ikifanana na f, hivyo "Congress" inaweza kuwa imeingia kama "Congrefs". Tafuta kwa namna zote mbili. Maneno marefu yalikatwa mwisho wa mstari kwa sababu safu zilikuwa nyembamba, kwa hiyo chagua fupi.

Tumia pia lugha ya wakati ule. Gazeti la 1917 halikusema "World War I". Jaribu "European War". Na usibane tarehe mno: pigano la New Orleans lilikuwa Januari 8, 1815, lakini habari zake zilifika Washington mwanzoni mwa Februari.

Henry Ford, mtengenezaji wa magari, alitangaza ujira wa dola 5 kwa siku mwaka 1914. Hizo ni ngapi leo? (Msomaji)

Inategemea unapima nini. Ukilinganisha na bei za bidhaa utapata jibu moja, na mishahara utapata lingine kubwa zaidi. Tovuti ya MeasuringWorth huyaweka pamoja. Taja kipimo ulichotumia. Kwa takwimu ndefu, Historical Statistics of the United States ya 1975 inaishia 1970 na ni bure. Ile ya Cambridge ya 2006, juzuu 5, ni ya kulipia. Soma maelezo yanayotangulia majedwali, maana mfululizo mmoja unaweza kubadili fasili katikati.

Nyaraka za diplomasia zinapatikana bila kusafiri? (Mtafiti)

Ndiyo. Foreign Relations of the United States, inayotolewa na Wizara ya Mambo ya Nje tangu 1861, iko bure kwenye history.state.gov. Katika juzuu za karibuni kila waraka una namba. Nukuu kwa namba hiyo. Ukikuta mabano yanayosema mistari kadhaa haijafunguliwa, yanakili pamoja na idadi ya mistari, usiunganishe sentensi kana kwamba hakukuwa na pengo. Sheria ya 1991 inataka juzuu zitoke ndani ya miaka 30 baada ya tukio, ila nyingi huchelewa.