Kwa Madaktari Wanagenzi Wanaoanza Zamu katika Wodi ya Watoto

Wengi wenu mnafika katika hospitali za Nairobi mkiwa mmekwisha kuchagua ubingwa, huyu wa moyo, yule wa figo, na si vibaya kutamani. Ila miezi ya wodi ya watoto ni michache, na kuna mambo ambayo daktari bingwa hatapata nafasi ya kuwafundisha baadaye.

Anzeni na uzito. Karibu kila dozi ya mtoto hutokana na kilo zake, kwa hiyo msiandike uzito wa kukisia ilhali mizani ipo, wala uzito wa mtoto aliyepimwa na sweta mbili za baridi ya Julai. Mahitaji ya kawaida ya maji kwa mtoto wa kilo 14 ni mililita 100 kwa kila kilo katika kilo 10 za kwanza na 50 kwa kila kilo inayozidi, yaani 1,200 kwa siku, au 50 kwa saa. Nukta ya desimali ikisogea hatua moja, dozi huzidi mara 10. Sista akiuliza, "Daktari, una hakika na hii?" pigeni hesabu upya mbele yake bila kununa. Wala msikimbilie kummiminia maji ya haraka mshipani kila mtoto mwenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu: utafiti wa FEAST, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa 2011, ulionyesha kwamba waliopewa maji hayo walifariki kwa wingi zaidi.

Pumzi nazo zihesabuni kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia mapajani pa mama yake. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi ni za kasi, na wengi huandika nimonia hapo hapo. Lakini akiwa anapumua kwa kasi na kwa kina, na mapafu hayana kelele yoyote, mgeukieni mama: "Mama Baraka, ameanza tena kukojoa kitandani? Anaomba maji usiku?" Akiitikia, pimeni sukari ya damu mara moja, kwa maana kisukari cha watoto hujificha sana nyuma ya nimonia na malaria, na swali hilo halihitaji mashine.

Ubingwa wenyewe sasa uko karibu kuliko zamani. Tangu 2008 Nairobi imekuwa ikifundisha madaktari wa watoto kutoka nchi mbalimbali za Afrika tiba ya magonjwa ya homoni, kisukari kikiwemo, mafunzo ambayo awali yalimlazimu mtu kusafiri mbali. Mtakapotaka barua ya mapendekezo, jueni kwamba daktari bingwa mwenye busara, kabla hajashika kalamu, humuuliza sista msimamizi wa wodi.