Maswali ya Wasomaji: Londiani hadi Fort Ternan, twende vipi?

*Mwalimu, salamu kutoka Kisumu. Mimi na mume wangu tumepata siku mbili za mapumziko na tungependa kuwaonyesha watoto wetu, wa miaka tisa na kumi na miwili, reli ya milimani na ile miji midogo ya huko juu. Wenzetu wanatushauri tupande treni ya usiku, tulale, tuamke tumefika. Wewe umewahi kuandika hapa kwamba ulizaliwa katika nyumba za reli Londiani. Ungekuwa sisi ungefanyaje? — Mama wa wawili, Kisumu*

Mama wa wawili, ningekuwa wewe nisingewapitisha watoto milimani gizani. Treni ya abiria ilirejea Kisumu mwishoni mwa 2021 baada ya njia ya Nakuru kukarabatiwa, nami nilifurahi mno, lakini safari iliyopangiwa usiku hukuvusha sehemu yote nzuri ukiwa umesinzia. Ulizeni stesheni ya Kisumu ratiba ya sasa ikoje. Kama hakuna treni ya mchana, nendeni kwa matatu, mkalale Londiani au Kericho, kisha siku ya pili mteremke polepole kwa barabara inayofuatana na reli mkirudi nyumbani.

Kutoka Kisumu pandeni gari la Nakuru linalopita Kericho, mshuke Londiani Junction. Mkishuka, msisimame kando ya lami kungoja gari la kuingia mjini. Hapo ndipo lori lilipoacha njia tarehe 30 Juni 2023 na kuwaparamia wachuuzi na wasafiri, na zaidi ya watu 50 wakafa. Washikeni watoto mikono, msogee mbali na barabara kwanza, mengine baadaye.

Londiani yenyewe ni mji wa baridi. Watu wa ziwani hufika na fulana, na saa kumi jioni wanatafuta blanketi. Bebeni masweta na makoti ya mvua, maana upande huu wa Mau hunyesha alasiri hata miezi ambayo Kisumu ni vumbi tupu. Kuna chuo cha misitu hapo, na ukitembea kando ya mji utaona mitarakwa na misonobari. Mwambieni mtoto avunje kijiti kikavu cha mtarakwa anuse. Ndiyo harufu ya kila kabati la nyanya yangu.

Halafu nendeni stesheni. Ombeni ruhusa kwa aliye kazini, msimame kando, muitazame njia. Baba yangu alikuwa mtu wa genge, yaani kikundi cha kutunza njia ya reli. Asubuhi, kokoto zikiwa bado zimelowa umande, alitembea kipande chake cha njia akiwa na spana begani na nyundo ya mpini mrefu, akigonga kabari zinazoishikilia reli kwenye taruma la chuma, lile boriti linalolazwa chini yake. Kabari iliyokaza hulia kwa sauti kali, iliyolegea hutoa mlio mzito uliokufa. Sisi watoto tulijua kutoka jikoni alikuwa amepata iliyolegea, kwa sababu mapigo yangerudi mahali pamoja, pa, pa, pa, mpaka sauti ibadilike. Waonyesheni watoto pia ubavu wa reli yenyewe. Reli nyingi zina maandishi yaliyotokeza kwenye chuma, jina la kiwanda na mwaka zilipotengenezwa. Mtoto wa miaka tisa akisoma mwaka huo kwa kidole chake, hahitaji tena hotuba yangu.

Huyo wa kumi na miwili atauliza kwa nini njia inapinda hivyo. Mwambieni garimoshi haliwezi kupanda kilima wima. Magurudumu ni chuma juu ya chuma, yakizidiwa yanateleza, kwa hiyo waliopima njia waliifuatisha na mbavu za milima, wakikubali kuzunguka mbali ili mwinuko uwe mdogo. Mau Summit, stesheni iliyo juu kidogo ya Londiani, iko zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Ziwa lenu liko kwenye mita 1,130 hivi. Kimo hicho chote njia inakishuka kwa kupinda na kupinda, na mabonde yalipokuwa mapana mno waliweka madaraja marefu ya chuma. Yalikuwa 27, na kazi hiyo ilipewa kampuni ya Marekani, American Bridge Company, chuma chake kikaletwa kwa meli hadi Mombasa. Reli ilifika Port Florence, ambayo leo ni Kisumu, tarehe 20 Desemba 1901.

Siku ya pili shikeni barabara ya Kipkelion, Fort Ternan, Koru hadi Muhoroni. Kipkelion ndiyo Lumbwa ya ramani za zamani. Tafuteni kibanda cha chakula, muombe ugali wa wimbi na mboga ya sagaa, na mursik, maziwa ya kuchachishwa, kama kuna iliyoiva vizuri. Msiharakishe hapo.

Fort Ternan wengi huipita, na mimi naona hiyo ni hasara kubwa. Ni kamji kadogo chini ya milima ya Tinderet, mashamba ya kahawa na miwa yanaanza kuonekana, joto nalo linaanza kupanda. Lakini mwaka 1961, katika shamba la mlowezi aliyeitwa Fred Wicker, mtafiti wa viumbe wa kale Louis Leakey na watu wake walichimba mifupa ya kiumbe wa jamii ya nyani aliyeishi miaka kama milioni 14 iliyopita. Alipewa jina Kenyapithecus wickeri. Majivu ya volkano ya Tinderet ndiyo yaliyoifunika na kuihifadhi mifupa hiyo, pamoja na ya swala wa kale, mmojawapo akaitwa Kipsigicerus kwa heshima ya Wakipsigis wenyewe. Ulizeni mjini njia ya kwenda kwenye eneo la uchimbaji, mpate mwenyeji wa kuwasindikiza. Msitegemee kuona mifupa huko; yaliyochimbwa yalipelekwa Nairobi. Mtaona kilima, udongo na bonde, na watoto watajua kwamba ardhi hii wanayoipita ni ya kale kiasi gani.

Koru na Muhoroni ni njia yenu ya kila siku, sina la kuongeza.

*Mwalimu, nimebishana na mjukuu wangu. Yeye anasema stesheni ya juu zaidi katika reli yetu ya zamani ni Mau Summit. Mimi nasema ni Timboroa. — Babu, Burnt Forest*

Umeshinda, mzee wangu. Mau Summit ndiyo ya juu kwenye njia ya Kisumu, na pengine mjukuu alisoma habari za njia hiyo peke yake. Njia ya Uganda inaachana nayo Nakuru, inapitia Rongai na Maji Mazuri, inavuka ikweta, kisha inapanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700. Ilifika Eldoret mwaka 1924. Mpeleke mjukuu akaone mwenyewe, mrudi na viazi.

*Mwalimu, tunaenda Fort Ternan na marafiki kupiga picha. Tunaweza kusimama juu ya daraja la reli? Na tukiona bolti ya zamani tunaweza kuichukua iwe ukumbusho? Babu yangu ni Mnandi, anasema wazee wetu waliziondoa na leo tunawasifu. — Mwanafunzi, Muhoroni*

Darajani hapana, mwanangu. Hakuna pa kukimbilia pale, na treni ya mizigo inayoteremka mlima haisimami haraka hata dereva akikuona mapema. Pigeni picha mkiwa kando ya bonde. Daraja lote litaingia, nanyi mtakuwa salama.

Bolti pia hapana. Babu yako anasema kweli: Wanandi walichukua waya za simu na bolti za reli, wakapigana na Waingereza kwa takriban miaka kumi, kwa sababu njia ile ilipitishwa katika ardhi yao bila ridhaa yao. Kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa kwa hila tarehe 19 Oktoba 1905, akiwa ameitwa kwenye mazungumzo ya amani. Lakini leo treni hiyo imebeba jirani zako. Ukiona bolti imelegea au haipo, kamwambie mtu wa stesheni iliyo karibu, umweleze ni mahali gani hasa. Na ukitaka ukumbusho wa wazee wako, panda Nandi Hills, kuna jumba la makumbusho la Koitalel. Mwende na babu.