Mtama si shayiri: majibu kwa wanaopika bia nyumbani

Barua za mwezi huu karibu zote ni za bia ya kupika nyumbani, na kilichonifurahisha zaidi ni kwamba wengi mnatumia mtama wa kwetu huku Kanda ya Ziwa, sio makopo ya kimea cha shayiri ya kuagiza nje. Nimechukua hizi sita. Wale mnaouliza mtauzia wapi siwajibu hapa, maana pombe ya kuuza inataka kibali na hayo ni mambo mengine kabisa, hapa tunaongelea ya kunywa wewe na wageni wako.

Shikamoo mama. Mi nipo Igoma, nimeanza kupika bia ya mtama kwa kufuata video za Wazungu za YouTube. Naweka kimea (mtama niliouchipua nikaukausha) kwenye maji ya nyuzi 65 saa nzima kama wanavyoelekeza lakini nikichuja napata kitu cheupe kizito kama uji, utamu hakuna, na chujio linaziba. Rafiki yangu anasema mtama hautoi bia ya maana nitafute shayiri. Ni kweli?

Marahaba mwanangu. Rafiki yako mwambie hapana. Nigeria walipopiga marufuku kuingiza kimea cha shayiri mwaka 1988, viwanda vyao vya bia vilihamia kwenye mtama na mahindi na bia haikukatika, na hapo Uganda tu ng'ambo ya ziwa kuna Eagle Lager, toka 2002 inatengenezwa kwa mtama unaoitwa Epuripur unaolimwa na wakulima wa huko huko. Kwa hiyo mtama hauna kosa, kosa ni kuupika kwa masharti ya shayiri.

Iko hivi. Ndani ya kimea kuna wanga na kuna vimeng'enya vya kuukata huo wanga uwe sukari. Wanga wa shayiri unalainika kwenye nyuzi 60 na kitu, wakati vimeng'enya bado viko hai, ndo maana wao wanamwaga maji ya moto mara moja na mambo yanaenda. Wanga wa mtama hauachii mpaka ufike 70 au zaidi, na ukifika huko vimeng'enya vingi vimeshakufa. Sasa wewe kwenye 65 una vimeng'enya vizima na wanga ambao bado mgumu, lazima upate uji.

Dawa yake ni kuvitenganisha kwanza. Saga kimea chenga chenga, changanya na maji ya uvuguvugu wa nyuzi 45 hadi 50, acha kama dakika 40 bila kukoroga. Chenga zitatuama chini na juu yatabaki maji, hayo yachote taratibu kwa kikombe uyaweke pembeni na usiyapashe moto kabisa maana vimeng'enya vimejaa humo. Yale mazito yaliyobaki chini yabandike jikoni uyapike yachemke kama uji nusu saa nzima, ukikoroga yasishike chini. Halafu epua, acha yapoe mpaka 70 na kidogo, ndo urudishe yale maji ya pembeni, mchanganyiko utakaa kwenye 63 hadi 65, funika sufuria, izungushie blanketi saa moja na nusu. Hapo simama uangalie mwenyewe, mwiko uliokuwa unakwama unaanza kuzunguka wenyewe, uji unageuka maji, na ukionja ni utamu mtupu. Kama huamini ulimi wako nunua iodini ya kupaka vidonda duka la dawa, weka tone la bia yako ikiwa imepoa kwenye sahani nyeupe, dondoshea iodini. Ikigeuka bluu nyeusi wanga bado upo, rudisha blanketi.

Ukitaka kujisaidia zaidi ongeza kimea cha ulezi, kina nguvu sana ya kukata wanga, ni kile kile mama zetu wanachotia kidogo kwenye uji wa mtoto ukawa mwepesi. Na kuhusu chujio kuziba, mtama hauna maganda kama ya shayiri ya kusaidia kuchuja, nenda mashine ya kukobolea mpunga uombe maganda, yaoshe, yachemshe, changanya humo kabla ya kuchuja.

Halafu kitu ambacho hukuuliza ila lazima nikiseme kwa sababu video za shayiri haziwezi kukwambia: mtama ukichipua, kile kichipukizi na mizizi vinabeba kitu kinachotoa sumu ya sayanidi. Ukishaanika kimea kikakauka kisugue kwa mikono, pepeta, vichipukizi vyote vitoke, usiwe mvivu hapo.

Mwangaluka mayu. Nimenunua kipimajoto, maji yanachemka mpaka yanaruka lakini chenyewe kinagoma kwenye 96. Nimeibiwa? (Nyegezi)

Hujaibiwa, kipimajoto chako kizima kabisa. Ziwa letu liko mita kama 1,134 juu ya usawa wa bahari na sisi tunaoishi pembeni yake tuko juu kidogo ya hapo, kwa hiyo maji huku yanachemka kwenye 96 hivi. Hiyo 100 ni ya Tanga na Dar. Chemsha bia yako saa nzima kama kawaida.

Mama, bia yangu ina harufu ya ndizi mbivu na asubuhi kichwa kinagonga hata nikinywa glasi mbili tu. Ndoo naiweka jikoni, chumba kina nyuzi 27. (Kirumba)

Jikoni tena! Hamira ikianza kazi inatoa joto lake yenyewe, chumba kikiwa 27 ndani ya ndoo ni 30 au zaidi, na hamira nyingi za bia zinapenda 18 hadi 22. Ikizidi hapo inatengeneza zile harufu za matunda na pombe nzito nzito ambazo watu wengi wanalalamika zinawapa kichwa. Siku tatu za kwanza ndizo zinazoamua, baada ya hapo hata ikipanda kidogo hakuna neno. Iweke ndoo ndani ya beseni lenye maji kwenye chumba chenye kivuli, ivishe fulana au taulo iliyolowa na ncha zake ziwe kwenye maji, washa feni ielekee hapo. Ukiwa na friji gandisha chupa za maji uwe unabadilisha asubuhi na jioni, na umeme ukikatika lile beseni bado litakusaidia. Kama una ndugu anayetoka Ulaya mwagize hamira ya Norway inaitwa kveik, hiyo inafanya kazi vizuri kwenye nyuzi 30 mpaka 40, mi naona kwa hali ya hewa yetu hakuna zawadi nzuri kuliko hiyo. Na hamira ya maandazi acha, pombe itatoka lakini bia utaisikia mkate mkate.

Chupa tatu zimepasuka usiku stoo, vioo mpaka ukutani. Zilizobaki naogopa kuzigusa. Nifanyeje? (Buswelu)

Pole sana dada, na nashukuru hamkuwa humo ndani. Zilizobaki usizishike kwa mkono mtupu. Vaa viatu, funika uso, tupia gunia lililolowa au blanketi zito juu yake zote, ukiweza zipoeze kwanza kwa maji ya baridi kupitia hapo hapo juu ya gunia, ndipo ufungue moja moja ikiwa imeviringishwa taulo. Watoto wawe mbali.

Sababu ni mbili. Ama ulijaza chupa kabla hamira haijamaliza sukari, ama ulizidisha sukari ya kutia gesi. Kuona povu limeisha haitoshi kujua imemaliza. Pima kwa haidromita, kile kipimo kinachoelea kinachoonyesha sukari iliyobaki, namba ikiwa ile ile siku tatu mfululizo ndo imemaliza, na bila haidromita mi nisingekushauri utumie chupa za kioo kabisa. Sukari ni gramu 6 kwa lita, ukizidi sana 7, yaani ndoo ya lita 20 ni gramu 120 hadi 140 na upime kwa mizani, habari ya vijiko iache. Iyeyushe kwenye maji yaliyochemshwa umwage kwenye ndoo nzima, ukitia chupa kwa chupa kuna itakayopata mara mbili. Halafu kila ukijaza, chupa moja iwe ya plastiki ya soda, uwe unaibonyeza kila siku. Ikiwa ngumu haibonyei, zote peleka kwenye friji siku hiyo hiyo.

Mama habari. Nina gunia la mahindi yaliyopata unyevu yakaota ukungu, ugali hayafai. Nikiyachipua kwa ajili ya pombe si yatachemka na kila kitu kufa? (Misungwi)

Usifanye hivyo mdogo wangu, nakuomba. Ukungu unaweza kufa kwenye moto lakini sumu iliyoachwa kwenye punje haifi. Sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha, mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi ya namna hiyo. Na Januari 2015 kijiji cha Chitima huko Tete, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya msibani. Kwanza walidhani kuna mtu kawawekea sumu, baadaye uchunguzi ukaonyesha unga wa mahindi uliotumika ulishaharibika kwa maji ya mafuriko na bakteria walioota humo ndo walitengeneza sumu, na hiyo nayo kuchemsha haikuisaidia kitu. Kuku usiwape, ng'ombe usiwape, yachimbie. Najua gunia ni hela na mwaka huu hela ni ngumu, ila huko hakuna kubahatisha.

Bia yangu inanuka kama plasta ya kidonda. Maji ni ya bomba na vyombo vyote nasafisha kwa jiki. (Nansio)

Ni klorini hiyo, ya bomba na ya jiki zote. Ikikutana na vitu vilivyomo kwenye nafaka inatoa hiyo harufu ya hospitali na kidogo tu inatosha. Maji ya kupikia yachemshe jioni uyaache wazi mpaka asubuhi. Jiki endelea nayo ila suuza ndoo na mpira wa kuhamishia bia mara mbili tatu kwa maji uliyochemsha, mpaka pua isisikie kitu. Hii uliyonayo harufu haitoki hata uiweke miezi, imwage uanze nyingine.