Anayekukopesha Atapoteza Nini Ukishindwa Kulipa?

Juzi msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, dalali ameniambia sehemu ya kipato nijaze kiasi chochote, benki haitauliza. Nisaini?" Ujumbe huo niliusoma mara tatu, kwa kuwa maneno hayo niliyatamka mwenyewe, tena kwa tabasamu, nilipokuwa dalali wa mikopo ya nyumba nchini Marekani kuanzia mwaka 2004 hadi biashara ile ilipozimika mwaka 2007.

Sitajificha: kazi ile niliimudu vizuri kuliko wenzangu wengi. Mteja aliingia hana akiba wala hati ya mshahara, akatoka akiwa mwenye nyumba. Mkopo tuliouuza zaidi ulikuwa na riba nafuu kwa miaka 2 ya mwanzo, kisha riba ikafuata soko kwa miaka 28 iliyobaki. Kamisheni yangu ilipatikana mkataba ulipokamilika, na iliongezeka kila nilipompachika mteja riba ya juu kuliko aliyostahili. (Wakati ule iliruhusiwa; sheria ya kuikataza ilipitishwa mwaka 2010, wengi wakiwa wameshalia.)

Kampuni iliyotoa fedha nayo haikuwa na la kuogopa, kwani mkopo haukukaa kwake. Uliuzwa kwa benki za uwekezaji, ukachanganywa na maelfu ya mingine na kugeuzwa hati za dhamana, yaani karatasi za uwekezaji zilizolipwa kwa marejesho ya wakopaji, nyingi zikapewa daraja la juu kabisa la usalama, zikanunuliwa Marekani na Ulaya. Kisha Benki Kuu ya Marekani ikapandisha riba kutoka asilimia 1 mwaka 2004 hadi asilimia 5.25 kufikia Juni 2006, bei za nyumba zikaanza kushuka, na wateja wangu, ambao niliwaahidi kwamba watakopa upya kabla ya mwaka wa 3, wakakuta hakuna wa kuwakopesha. Hati zile zikakosa wanunuzi, benki zikaogopa kukopeshana. New Century, mmoja wa wakopeshaji wakubwa wa mikopo hiyo, ilifilisika Aprili 2007. Lehman Brothers, moja ya benki za uwekezaji, ikafuata tarehe 15 Septemba 2008, na siku 10 baadaye ikafungwa Washington Mutual, benki yenye mali ya takriban dola bilioni 307.

Mimi pia nilijiuzia mkopo wa aina ile. Marejesho yalipopanda, kamisheni zilikuwa zimekwisha, na nyumba ikaenda mnadani. Hilo nimelisahau. Nisilolisahau ni mama mmoja aliyeniuliza, "Mwanangu, nitaweza kweli?" nami nikamsogezea kalamu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, andika kipato chako halisi, hata kama kitakunyima nyumba. Usijitetee kwamba kila mtu anafanya hivyo. Sisi sote tulisema hivyo. Uliza anayekukopesha atapoteza nini ukishindwa kulipa, na ukiona kwamba yeye ameshalipwa na wewe ndiye utakayebaki na deni, ondoka. Narudia, andika kipato chako halisi. Na huyo dalali akikuharakisha, mpe karatasi umwombe aandike kwa mkono wake, na kutia sahihi, kiasi kikubwa kabisa unachoweza kudaiwa mwezi wa 25. Enzi zangu, mimi nisingethubutu kukiandika.